Stima Ilipopotea Katikati ya Make

NJERI: Karibuni tena. Leo tulipanga somo la kusakinisha programu kutoka kwa msimbo wake kwenye Linux ya nyumbani. Odhiambo amekuja na karatasi.

ODHIAMBO: Nina mambo manne hapa. Lakini kwanza simulia yaliyokupata Jumanne, maana simu yako ilinikuta nimeshalala.

NJERI: Kuna wasikilizaji wetu wenye shida ya kusikia, wanasubiri maandishi ya vipindi hivi tangu zamani. Sasa FFmpeg, programu ya kushughulikia sauti na video, toleo la 8.0 lililotoka Agosti 2025, ina kichujio cha Whisper, modeli ya kutambua usemi: unakipa sauti, kinakupa maandishi, na Kiswahili kimo, unaandika tu `language=sw`. Laptopu yangu ina Linux Mint 22, iliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04, na huko FFmpeg ni 6.1, isiyo na Whisper. Basi nikateremsha msimbo.

ODHIAMBO: Na mnanijua mimi na vitu ambavyo havikupitia apt, kile kisakinishi cha pakiti zilizo tayari.

NJERI: Tutafika huko. Nikajenga whisper.cpp kwanza, maktaba inayoendesha Whisper, kisha nikaingia kwenye FFmpeg na hatua ya configure, inayokagua kama vinavyohitajika vipo: `./configure --enable-gpl --enable-libmp3lame --enable-whisper`. Ikakataa, nasm haipo, nacho ni chombo kimojawapo cha kujengea. Nikaweka nasm. Ikakataa tena, eti libmp3lame, maktaba ya kutengeneza MP3, haionekani. Na ninayo! Ndiyo inayotutolea MP3 ya kipindi hiki kila wiki.

ODHIAMBO: Unayo ya kuendeshea. Ya kujengea ni pakiti nyingine, libmp3lame-dev, ndiyo yenye faili za .h, zinazosomwa na kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Ukiambiwa hakuna kitu ambacho una hakika unacho, tafuta jina lilelile lenye -dev mwishoni. Watu wengi hukata tamaa hapo hapo.

NJERI: Nikaiweka, configure ikakubali. Nikapiga `make -j4`, amri ya kujenga yenyewe, kazi nne kwa pamoja. Feni inavuma, mistari ya CC libavcodec inashuka kwenye skrini, nami nimeenda kuchemsha chai. Stima ikapotea. Roysambu yote giza. Na betri ya hii laptopu, nyote mnajua haishiki chaji.

ODHIAMBO: Ukanipigia kuniuliza kama unaanza upya.

NJERI: Ukasema hapana.

ODHIAMBO: Kwa sababu make haikumbuki chochote, inaangalia saa za faili tu. Ikiona faili la .o, yaani kipande kilichokwisha kujengwa, ni jipya kuliko .c yake, yaani msimbo wake, inaliruka. Stuart Feldman aliiandika hivyo pale Bell Labs mwaka 1976, na wazo ni lile lile hadi leo. Ile kazi yote ya kabla ya giza ilikuwa salama.

NJERI: Si yote. Stima iliporudi nikaandika make, ikaendelea vizuri kabisa, halafu mwishoni ikagoma wakati wa kuunganisha vipande vyote kuwa programu moja. Faili moja la .o haitambui ni la aina gani. Nikalitazama kwa `ls -l`: baiti sifuri. Jina lipo, saa ipo, ndani hamna kitu.

ODHIAMBO: Hilo ndilo ninalotaka watu walielewe. Ukibonyeza Ctrl-C, make yenyewe inapata nafasi ya kufuta faili lililokuwa nusu. Stima ikikatika hakuna wa kufuta. Kompaila imeshamaliza, lakini yaliyomo bado yako kwenye RAM, hayajashuka kwenye diski. Ukiwasha tena, make inaona saa mpya inaridhika, inapita.

NJERI: Kwa hiyo inadanganywa na saa.

ODHIAMBO: Kabisa. Na dawa ni mstari mmoja, `find . -name '*.o' -size 0 -delete`, kisha make tena. Itajenga yale yaliyofutwa peke yake.

NJERI: Na kama faili limeandikwa nusu, si sifuri?

ODHIAMBO: Hapo find haitalikamata. Unafuta yale yaliyojengwa dakika ya mwisho kabla ya giza, au unapiga `make clean`, inayofuta vyote vilivyojengwa, unaanza mwanzo. Mimi ningepiga clean.

NJERI: Mimi sipigi clean kwa laptopu ya zamani na stima isiyoaminika! Utamaliza lini? Panga kwa saa, `ls -lt`, ufute ya mwisho mwisho.

ODHIAMBO: Haya, karatasi yangu sasa. Jambo la kwanza lilikuwa `sudo make install`, yaani kunakili ulichojenga kwenye mfumo wenyewe, na nilitaka kusema usiifanye.

NJERI: Nimeshaifanya.

ODHIAMBO: Najua. Sasa iko /usr/local/bin, inatangulia ile ya apt kila ukiandika ffmpeg. Kesho lipatikane tundu la usalama kwenye FFmpeg, Ubuntu wataziba ya kwao. Ya kwako nani ataiziba?

NJERI: Mimi. Nitateremsha toleo jipya nijenge tena.

ODHIAMBO: Nani atakwambia limetoka? Apt ingekwambia.

NJERI: Apt isingenipa Whisper! Mtu anasubiri kusoma kipindi, nimwambie angoje Ubuntu? Na msimbo uko mbele yangu, naweza kuusoma.

ODHIAMBO: Msimbo wa xz, programu ya kubana faili, nao ulikuwa mbele ya watu. Machi 2024 mtego wa siri ukagunduliwa kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Sehemu ya ule mtego haikuwemo kwenye git, hazina ya wazi ya msimbo, ilipenyezwa kwenye tarball, lile faili lililobanwa la kuteremsha, ndani ya hatua ya configure. Aliyesoma git peke yake asingeuona mtego mzima.

NJERI: Na yule mhandisi, Andres Freund, aliukamata vipi? Aliona ssh, njia ya kuingia kompyuta ya mbali, inachelewa kama nusu sekunde, akachimba. Angechimba nini kama kila kitu kingekuwa kimefungwa? Mfano huo ni wangu.

ODHIAMBO: Ni wangu. Aliukamata kwenye sid, tawi la Debian lisilo thabiti bado, kwenye pakiti, kabla haujafika kwa matoleo thabiti. Ule mpangilio wa pakiti ndio uliowakinga watu.

NJERI: Mtu ndiye aliyewakinga, na msimbo uliokuwa wazi.

ODHIAMBO: Sikubali.

NJERI: Nami sikubali. Tumebakiwa na dakika mbili.

ODHIAMBO: Basi mambo mawili ya karatasi yangu, checkinstall na pkg-config, yasubiri. Hili moja tu: ukishasakinisha, usifute lile folda ulilojengea. `make uninstall` inaendeshwa kutoka humo humo.

NJERI: Na ikikataa kuwaka kwa sababu haioni libwhisper.so.1, ile maktaba ya Whisper, piga `sudo ldconfig` ili mfumo uorodheshe maktaba zake upya.

ODHIAMBO: Hiyo haingehitajika kama ungetumia pakiti.

NJERI: Maandishi ya kipindi cha wiki iliyopita yako tayari, Odhiambo. Nimeyasahihisha jana, nayaweka usiku huu.