Kumchana na kumtunza paka wa Kiajemi bila kumuumiza

Haya watu wangu karibuni, huyu hapa mapajani anaitwa Kaimati, ako na miaka minne, ni paka wa Kiajemi, wengi mnawaita Persian, na kabla muanze kuniuliza mbona amelala hivi kama mkate, sijampea dawa, ndio vile wako. Ukimweka kwa kochi anakaa kwa kochi, ukimweka kwa meza anakaa kwa meza. Sikilizeni... mmesikia? Hicho kisauti ndio kelele yake yote ya asubuhi. Kama unataka wa kuparamia mapazia basi tuko na wetu wa hapa hapa Kenya, paka wa Sokoke kutoka ule msitu wa Kilifi, huyo ndiye wa kupanda na kuruka. Huyu wangu ata kwa friji hajawai fika juu.

Sasa upole huu ndio hudanganya watu. Paka wa mtaani ukimvuta manyoya atakupasua mkono, na hapo umejua umekosea. Huyu ananyamaza. Anaweza umia wiki mbili akiwa amekaa tu hapo dirishani na wewe unaposti picha zake. Kwa hivyo leo nawaonyesha venye mimi humsoma na vidole, juu mdomo wake hauniambii kitu.

Kwanza weka kichana chini. Pasha mikono joto, sanasana Julai hii mwenye baridi imetukalia, alafu ingiza vidole hadi uguse ngozi. Usipapase juu juu. Pita kwapani, nyuma ya masikio, tumboni, na huku nyuma kwa mapaja penye nimezoea kuita suruali. Dada leta simu karibu kidogo... hapo. Mnaona kitu? Hamuoni. Lakini chini ya hiki kidole kuna fundo la manyoya saizi ya punje ya mahindi, na kesho kutwa litakuwa kama maharagwe, na kila akitembea linavuta ngozi.

Mwaka wa kwanza nilipata moja kubwa hapa kwapani nikachukua mkasi wa kushonea, nikajiambia ni nywele tu si nikate niendelee na maisha. Kumbe ngozi ya paka ni nyembamba sana na inavutika inaingia ndani ya fundo, inasimama kama hema. Nilikata ngozi. Ilifunguka kama ukucha wa kidole kidogo hivi, nyekundu. Na Kaimati alifanya nini? Alipepesa macho akanilamba kidole gumba. Mwenye alilia ni mimi, yeye alishonwa nyuzi mbili akarudi akala. Mkasi mimi sitaki kuuona karibu na paka tena, fundo likishinda vidole anapelekwa kwa veti anyolewe na mashine.

Kwa hivyo angalieni mkono wangu wa kushoto. Nashika manyoya hapa kwa mzizi, katikati ya fundo na ngozi, ndio nikivuta mvuto uishie kwa vidole vyangu usifike kwake. Namwagia konfulawa kidogo tu, ile ya jikoni, inateleza. Naachanisha na vidole kuanzia nchani, pole pole, alafu kichana cha chuma chenye meno yameachana, naanza mwisho wa nywele nikirudi ndani, sio kutoka kwa ngozi nikivuta nje. Ikishapita hiyo ndio nachukua chenye meno yamekaribiana. Dakika kumi kila siku. Kila siku, sio Jumapili. Ukiona ncha ya mkia imeanza kupigapiga ama masikio yamelala upande, acha, hiyo kwake ni matusi, mpe mapumziko mtarudi jioni.

Sasa tuje kwa uso. Pua imeingia ndani, kwa hivyo machozi hayapati njia yake ya kawaida, yanamwagika hapa kando na kuacha hii laini ya kahawia. Maji yaliyochemka yakapoa yakabaki vuguvugu, pamba, unapangusa kutoka kona ya ndani ukishuka. Pamba ya jicho hili usirudishe kwa lile. Ukiona usaha wa njano ama kijani, ama anafumba jicho moja, usingoje wikendi iishe, macho yao yametokeza na yanachubuka haraka.

Kuoga mimi humuosha mara moja kwa mwezi hivi, na ni siku yenye maji yako kwa mfereji maana huku kwetu mnajua yanakuja kwa zamu na huwezi kuanza povu alafu mfereji ukohoe. Mchane kwanza, maji yakipata fundo yanalikaza. Shampuu ya paka, suuza mpaka manyoya yatoe mlio ukipitisha kidole, alafu kazi yenyewe ni kukausha, draya joto la chini mpaka ndani kabisa, maana akibaki na unyevu huko chini unatengeneza mafundo mapya.

Chakula nitapita haraka. Ugali na maziwa hapana. Paka anahitaji kirutubisho kinaitwa taurini, na hiyo iko kwa nyama na samaki, sio kwa unga, na chakula cha mbwa hakimtoshi. Sahani iwe bapa, bakuli la kina linamgonga uso. Karai la mchanga, yaani choo chake, safisha kila siku, hawa na hii suruali yao wakibeba uchafu wanakuja nao mpaka kwa mto wako, naongea kitu najua.

Kwa wenye tunaishi ghorofani, hizo grili za dirisha zinazuia mwizi, hazizuii paka. Mimi nimefunga waya wa kuku balkoni yote. Na maua ya lili usilete kwa nyumba ata kama umepewa na mpenzi, unga wake unashika kwa manyoya marefu, anajilamba, figo zinakufa. Paracetamol usimpe ata robo. Dawa ya viroboto ya mbwa pia hapana, nyingi ziko na sumu ya wadudu inaitwa permethrin, mwili wa paka hauiwezi, anaanza kutetemeka.

Tukitaja figo, wewe mwenye unataka kununua. Ukoo huu uko na ugonjwa wa kurithi wa vifuko vya maji kwa figo, unaitwa PKD, na mzazi mmoja tu akiwa nao inatosha kupitisha kwa karibu nusu ya watoto. Jeni yake ilijulikana 2004 na kipimo kiko. Muulize muuzaji majibu ya baba na mama, wote wawili. Akianza kukuambia macho mazuri, manyoya mazuri, funga pochi. Chanjo zinaanza wiki ya sita hadi ya nane, alafu zinarudiwa kila wiki tatu ama nne mpaka afikishe kama wiki kumi na sita, na ya kichaa cha mbwa usiruke eti kwa sababu hatoki nje. Kama hujui uende wapi kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete.

Na moja ya haraka, ukimkuta anapumua mdomo wazi kama mbwa, hiyo paka hafanyi kwa kawaida, beba uende sai.

Dada zima simu basi, ameshuka na amekalia kichana.