Kimchi kabla haijawa chakula ni kazi

Haya jamani tuanze, wa nyuma sogeeni huku mbele. Nimeombwa niongelee kimchi, ile mboga ya kuchachushwa ya Wakorea, na najua wengi mmeiona kwenye tamthilia za Kikorea, mtu anakula tambi na kibakuli chekundu kiko pembeni, basi mnasema hiyo ndo kachumbari yao. Hapana bwana. Kachumbari unakata saa sita, saa sita na nusu imeisha, kimchi inakaa miezi na ile iliyochachuka sana ndo wanaitafuta kwa ajili ya mchuzi wa jjigae.

Ninachotaka mkishike leo ni kwamba kimchi kabla haijawa chakula ni kazi. Wana msimu unaitwa kimjang, mwezi wa kumi na moja hivi kabla baridi haijakaza. Kabichi zile ndefu zinapasuliwa, zinatiwa chumvi, zinalala humo usiku kucha, asubuhi unakunja shina la jani, likikunjika bila kukatika basi tayari. Zinaoshwa, zinachujwa maji, halafu watu wanakaa chini na glavu za mpira wanapaka jani moja moja, pilipili ya unga, saumu, tangawizi, figili iliyokatwa nyembamba, uji wa mchele ili vishikane, na uduvi uliowekwa chumvi mpaka ukachachuka. Hakuna kumwagia juu juu! Na zamani familia kubwa ilikuwa inafanya hata kabichi mia.

Nani anafanya? Wanawake, zaidi wanawake. Mama mkwe anaita, wakamwana wanakuja, majirani wanasaidiana leo kwako kesho kwangu, jioni inachemshwa nyama ya nguruwe inaliwa na kimchi mbichi ya siku hiyo, na kila mtu anaondoka na chombo chake. UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, mwaka 2013 walichoingiza kwenye orodha yao ya urithi ni hiyo kimjang ya Korea Kusini, yaani kule kutengeneza na kugawana, sio kabichi yenyewe, na mwaka 2015 ikaingia ya Korea Kaskazini.

Pilipili, kwa taarifa yenu, ni mgeni, asili yake ni bara la Amerika na huko Korea ilifika baada ya Wareno kuanza kuzunguka Asia. Kimchi nyeupe isiyo na pilipili bado ipo mpaka leo. Tusonge.

Mnataka kujua kimchi ina uzito gani kwao? Mwaka 2010 huko Korea Kusini mvua ziliharibu mashamba, bei ya kabichi ikapaa, na rais wa wakati huo Lee Myung-bak akasema mezani kwake waweke kimchi ya kabichi za mviringo badala ya zile ndefu, eti anabana matumizi, watu wakamjia juu kwenye mitandao maana hizo nazo zilikuwa ghali vilevile, yaani huyu mzee hajui hata bei ya sokoni.

Siku hizi watu wanaishi ghorofani, hakuna pa kufukia mitungi ya udongo ya kuhifadhia kimchi kama zamani, ndo maana wana friji maalum ya kimchi tu. Migahawa mingi inanunua ya China. Na unaweza kuagiza kabichi zilizokwisha kulala kwenye chumvi zikaletwa mlangoni, mimi naona ni sawa kabisa, wanaolalamika kwamba mila inapotea mara nyingi ni wanaume ambao hawajawahi kuosha hata kabichi moja kwenye maji ya Novemba.

Haya, maswali.