Biashara ya mvinyo ni mbaya, mbona mmefungua ukumbi mpya? Leo najibu

Jamani habari zenu. Leo naongea moja kwa moja maana nimechoka kujibu mmoja mmoja. Kila nikiposti kipande cha ile sehemu mpya ya kuonjea mvinyo, kaunta, taa, glasi zimepangwa, komenti ni ile ile, dada si ulisema soko la mvinyo Marekani limeshuka mpaka watu wanang'oa mizabibu, sasa hela ya ukumbi imetoka wapi? Wengine mnakuja na ukali kabisa, eti najionyesha. Na ile video nilivyoeleza hali ilivyo ngumu mkaniambia nalalamika, nimshukuru Mungu nina kazi. Sasa nisemeje?

Kwanza tuelewane, ukumbi siyo wangu. Mimi nimeajiriwa. Nilianzia stoo ya mapipa, kuosha matangi na kuvuta mipira ya kupitishia mvinyo, sasa hivi nimewekwa mbele kwa wageni. Pili, ukumbi umefunguliwa kwa sababu hali ni mbaya. Ingekuwa nzuri bosi asingehangaika nao, angeendelea kuuza kwa msambazaji akalala usingizi wake.

Ngoja niwapigie hesabu ndo mtaelewa. Huku Marekani tangu pombe iliporuhusiwa tena mwaka 1933, majimbo mengi yaliweka mfumo wa ngazi tatu, mtengenezaji anamuuzia msambazaji, msambazaji anamuuzia mwenye duka au mgahawa, ndo ije kwako. Kila mmoja anakata chake. Kwahiyo chupa unayoikuta dukani dola 30, mtengenezaji kapata kama nusu yake, na kwenye hiyo nusu kuna zabibu, chupa, kizibo, lebo, pipa, umeme, mishahara, na hela iliyolala kwenye mapipa mwaka mzima au zaidi kabla haijarudi. Chupa hiyo hiyo mteja akiinunua mbele yangu kwenye kaunta, zile 30 zinabaki nyumbani. Hapo ndipo hela ilipotoka, yaani ilikuwa inaondoka na wengine.

Na watu wa kodi kodi, najua mnakuja. Kodi siyo inayotuua sisi wadogo. Serikali kuu inachukua dola 1.07 kwa galoni ya mvinyo wa kawaida, lakini galoni 30,000 za kwanza unarudishiwa dola 1 kwa kila galoni, kwahiyo kiwanda kidogo kinabaki kinalipa senti 7. California, jimbo nililopo, nayo inachukua senti 20 kwa galoni. Kwa chupa moja hata hauisikii. Kinachotuua ni chupa zisizotoka stoo, na kodi ya pango.

Kingine hamkioni kwenye video, mgeni akionja akapenda anajiunga na klabu, yaani anatoa kadi yake tunamtumia mvinyo mara kadhaa kwa mwaka mpaka mlangoni. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo haliwezi kuruhusu viwanda vyake viwatumie wateja mvinyo halafu likavizuia vya majimbo mengine, na biashara hiyo ikafunguka sana. Kwa kiwanda kidogo klabu ndo inayolipa mshahara wangu. Nikimuhudumia mtu vibaya leo nimejikatia mwenyewe.

Sasa kwanini bosi kabadilisha kila kitu. Niko Sonoma, kaskazini mwa San Francisco, na mnakumbuka moto wa 2020. Agosti radi ziliwasha moto sehemu nyingi, halafu tarehe 27 Septemba ukaanza ule unaoitwa Glass Fire, katikati ya mavuno. Watu wanafikiri hasara ni shamba kuungua. Mashamba mengi hayakuungua, moshi ndo uliingia. Moshi ukikaa juu ya zabibu zile kemikali zake zinashikana na sukari ndani ya tunda, ukila zabibu husikii kitu, ikishachachuka zinaachia, na nyingine zinaachia mdomoni kabisa, unameza halafu inakuja ladha ya majivu. Maabara zilielemewa, majibu yakawa yanachukua wiki na wiki, na zabibu hazisubiri. Watu wakaziacha mtini.

Bosi akafanya kitu wenzake wakamshangaa. Mvinyo mwekundu unachachuka pamoja na maganda, na moshi uko zaidi kwenye maganda, si ndio? Yeye akachukua zabibu nyeusi akazikamua haraka, akayatoa maganda, akatengeneza wa pinki. Akaweka kwenye makopo. Huku kuna watu mvinyo kwenye kopo kwao ni tusi, lakini yale makopo ndo yalilipa mishahara.

Tangu hapo hajarudi nyuma. Tuna mvinyo mweupe unaochachuka na maganda yake mpaka unakuwa rangi ya chungwa, ambao watu wa Georgia, ile nchi ya Caucasus, wanautengeneza tangu zamani sana kwenye mitungi mikubwa ya udongo inayozikwa ardhini. Tuna mwingine tunaouchachusha pamoja na matufaha, maana hapa Sebastopol, mji wa huku Sonoma, kulikuwa na mashamba makubwa ya matufaha ya aina ya Gravenstein kabla mizabibu haijayasukuma pembeni, na kuna wazee bado wanayo miti na hawana pa kuuza. Na tuna piketi. Hii naipenda jamani acheni niielezee.

Ukishakamua zabibu yanabaki makapi, maganda na kokwa. Yakitoka kwenye mashine yameshikana kama keki, unayavunja kwa mkono, bado yana unyevu, rangi inakaa kwenye kucha wiki nzima usugue usisugue. Wengi wanayarudisha shambani kama mbolea. Sisi tunayamwagia maji, sukari iliyobaki inachachuka tena, kinatoka kinywaji chepesi, asilimia 5 au 6, kina gesi kidogo, unakifunga kwa kifuniko kama cha soda. Ufaransa zamani kilikuwa kinywaji cha vibarua wa shambani, mvinyo wenyewe ulikuwa wa mabwana. Mimi nikimmiminia mgeni namwambia hivyo hivyo, na namwambia kwa kujivunia.

Na ndo soko linakoelekea. Januari 2025 daktari mkuu wa serikali, Vivek Murthy, alitoa tahadhari kuhusu pombe na kansa. Vijana wanakunywa kidogo kuliko wazazi wao. Msimu wa 2024 California ilivuna zabibu chache kuliko msimu wowote wa miaka 20 ya nyuma yake, na siyo hali ya hewa peke yake, kuna mashamba zabibu zilikauka mtini kwa kukosa mnunuzi. Kwahiyo kinywaji chepesi, cha bei nafuu, kinachotoka kwenye kitu ambacho ungetupa, ina maana. Na wale mnaoniambia kazi ya pombe haramu, nawaheshimu, sijawahi kumshawishi mtu anywe, tuishie hapo.

Sasa makaratasi. Jamani.

Lebo ya mvinyo huku lazima ipitishwe na ofisi ya serikali kuu inayoitwa TTB. Lakini hiyo ni kwa mvinyo wa asilimia 7 kwenda juu. Ukiwa chini ya 7, kama piketi yetu, lebo inahamia kwenye sheria za chakula, za ofisi ya chakula na dawa, FDA, unatakiwa kuorodhesha viungo. Ila kodi bado unawalipa TTB, na lile onyo la serikali la wajawazito na kuendesha gari bado lazima uliweke. Kwahiyo vinywaji viwili, tangi moja liko jirani na lingine, ofisi mbili. Na ule wa matufaha, kwa kuwa matunda mawili yamechanganywa, ilibidi tupeleke kwanza fomula, yaani maelezo ya kilichomo na kinavyotengenezwa, ikipita ndo lebo. Kopo zimeshafika, zimejaa stoo, huwezi kubandika kitu.

Ukumbi wenyewe, mnauliza kwanini hatukuufungua shambani kwenye mandhari nzuri. Kwasababu shambani unahitaji kibali cha kaunti, na majirani wanakuja kikaoni kupinga magari, kelele, maji taka, wanakushika miaka. Leseni ya mtengenezaji mvinyo ya California inaruhusu kuwa na sehemu ya pili nje ya kiwanda, kwahiyo bosi akapanga fremu mjini, lilikuwa godauni. Siyo wazo geni, pale Sebastopol kuna eneo The Barlow lilikuwa la kusindika matufaha, sasa watu wanaenda kula na kuonja. Na lenyewe lilijaa mafuriko Februari 2019, msidhani ni raha tu.

Ukiomba leseni unabandika tangazo dirishani siku 30, kila mpita njia anasoma kwamba hapa panaombwa pombe, mwenye pingamizi apeleke. Siku 30 hizo fremu inalipiwa na hakuna hata glasi moja inayouzwa. Halafu kuna hili la chakula, nililipenda na nililichukia. Ukiwapa wanaoonja biskuti kavu na prezeli, au kitu cha pakiti kisichoharibika, sheria ya chakula ya California haikuhesabu kama mgahawa. Ukikata vipande vya jibini ukaweka kwenye sahani, umekuwa mgahawa, unahitaji kibali cha afya, sinki za aina yake, na gharama juu ya gharama. Ndo maana mnaona biskuti. Aliyekomenti "ukumbi mkubwa hivyo mnashindwa hata kuwapa wageni chakula" jibu ndo hilo.

Na mimi binafsi nilikwama kwenye jina. California mtu anayemimina pombe lazima awe na cheti, unajisajili dola 3, mafunzo unalipia mbali, una siku 60 tangu uanze kuhudumia, na kinaisha baada ya miaka 3. Mtihani haukunisumbua. Pasipoti yangu ina majina matatu. Ofisi moja iliniandika jina la baba kama jina la kati, nyingine ikalitupa kabisa, nyingine ikaunganisha mawili bila nafasi. Cheti kikatoka kwa jina ambalo halifanani na la kwenye mishahara, mfumo wa kazini ukanikataa, nikaondolewa kwenye ratiba ya kaunta mpaka majina yafanane. Unapiga simu unasikiliza muziki, anapokea mtu anakuuliza "sasa la mwisho ni lipi?" Yote ni yangu! Baba yangu na babu yangu, nimuache nani? Nikarudi kuosha matangi, na bakshishi za wiki za ufunguzi zikaenda kwa wengine. Hilo limeniuma mpaka leo, maana mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara California kilikuwa dola 16.50 kwa saa, na chumba ninacholala kinakula zaidi ya nusu ya ninachopata, bakshishi ndo zinazofika nyumbani kwetu. Sheria ya hapa bakshishi inakuja juu ya mshahara, mwajiri haruhusiwi kuihesabia humo, kwahiyo ukikosa kaunta umekosa kweli.

Na tena kuna ndugu yangu, anajijua, alipiga picha ya skrini ile video ya ukumbi akaitupia kwenye grupu la familia, "mwenzetu kafungua". Kesho yake simu za ada, za pikipiki, za msiba wa mtu nisiyemjua. Nimeeleza, nimeonekana mchoyo. Sitaki kuendelea.

Kuna wageni pia, siyo wengi, anaingia ananiuliza "mtu wa mvinyo yuko wapi?" wakati nimesimama na chupa mkononi. Namimina tu, naanza kumwelezea maganda na moshi na tangi gani limetoka wapi, dakika tano ananiuliza nimesomea wapi. Nimesomea kwenye mipira na mapipa. Wapo wanaosomea chuo kikuu cha UC Davis, nawaheshimu sana, ila mapipa nayo yanafundisha ukiwa na pua na ukiuliza maswali.

Sasa la mwisho, wale wa "niunganishe". Sina uwezo wa kumpa mtu viza. Wengi ninaowaona wakija kwa msimu kutoka nchi nyingine wanakuja kwa viza ya J-1 ya mafunzo, na hiyo lazima upitie mdhamini aliyeidhinishwa na wizara ya mambo ya nje ya Marekani, na wanaangalia umesoma au umefanya kazi gani inayohusiana. Mtu akikuambia anakuuzia nafasi ya kuvuna zabibu kwa hela ya kutuma kwenye simu, achana naye. Mimi sikuja kwa njia hiyo, nilikuja kwa bahati nasibu ya green card, kwahiyo hata ninachowaambia hapa ni nilichokiona kwa wenzangu, wewe hali yako unaijua mwenyewe, umri wako, vyeti vyako, watoto wako. Usiache kazi kwasababu ya video yangu.

Na wanaouliza kama ukumbi utalipa, hata bosi hawezi kuwaambia sasa hivi. Jumamosi tunajaa, Jumanne nakaa na mtu mmoja mpaka saa kumi. Mavuno yanaanza Agosti, nitakuwa asubuhi kwenye matangi na jioni kwenye kaunta, kwahiyo nikichelewa kujibu msianze kusema nimebadilika. Fomula ya matufaha ikipita nitaposti kopo la kwanza, maswali ya mizabibu niandikieni chini nitayakusanya.