Pikapu Ndiyo Nusu ya Antena Yako

Ndugu mwenyekiti, wanachama wenzangu, na ninyi vijana mliokuja leo kwa mara ya kwanza, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie ufungaji wa redio ya ridhaa, ile ya kuwasiliana kwa kupenda na siyo kwa biashara, kwenye pikapu, na kwenye ratiba imeandikwa nianze na uchaguzi wa redio. Sitaanza huko. Redio za wati 100 zinazouzwa siku hizi karibu zote ni nzuri. Nunua ile ambayo mfuko wako unaiweza na leseni yako inairuhusu, basi, tumemaliza.

Ninalotaka kulisema, na wanaonifahamu wanajua nimelisema sana, ni hili: pikapu siyo kipande kimoja cha chuma. Watu wanatumia mamilioni kwa redio na antena, halafu chini hakuna arthi ya maana, yaani chuma kilichoungana vizuri cha kuwa nusu ya pili ya antena. Kisha wanakuja kulalamika kwamba masafa ya megahezi 7 yamekufa. Masafa hayajafa!

Itazame Hilux. Chini kuna chesisi. Kebini imekaa juu ya mipira ili isikutikise. Bodi la mizigo limeshikwa na bolti, lakini kati ya bolti na chuma kuna rangi, na baada ya masika mawili kuna kutu. Boneti na milango inaning'inia kwenye bawaba zenye grisi. Ekzosi imetundikwa kwa raba kutoka mbele hadi nyuma. Kwa macho ni gari moja. Kwa mawimbi ya redio ni mabati yaliyokaa jirani, kila moja na mambo yake.

Sasa antena. Robo ya wimbi kwa megahezi 7.1 ni kama mita 10 na nusu. Hakuna anayetembea na fimbo ya mita 10 barabarani, kwa hiyo tunatumia fimbo ya mita mbili hivi yenye koili katikati. Fimbo fupi kiasi hicho ina ukinzani wa kurusha mawimbi wa omu moja, au mbili ukibahatika. Hiyo ndiyo omu pekee inayofanya kazi ya redio. Koili inakula zake, na arthi mbovu inakula zake, nyingi kuliko zote. Mkondo unaopanda kwenye fimbo lazima uwe na mwenzake kwenye chuma kilichoko chini, na chuma hicho ndicho kinachoshikana na ardhi. Kikiwa vipande vipande, nguvu yako inaishia kupasha bati moto.

Alikuja kijana mmoja, sitamtaja, ana Hilux ya kebini mbili na antena nzuri kabisa kaifunga kwenye ukingo wa bodi la mizigo. Mbeya hawamsikii. Singida wanamsikia kwa taabu. Akaniambia, “Mzee, tatizo siyo antena, SWR yangu ni 1.2.” SWR ni kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio, na 1.0 ndiyo ulinganifu kamili. Alijivunia hiyo 1.2 kama cheti. Tukapima ukinzani pale chini ya antena: omu 42. Nikamwuliza, fimbo yako ina omu moja na nusu, hizo nyingine 40 zimetoka wapi? Kimya.

Hesabu ni ya shule ya msingi. Omu moja na nusu kati ya 42: kwenye wati 100 zako, zinazoruka hewani hazifiki nne. Nne! Hizo nyingine zote ni joto.

Tukashinda siku nzima chini ya gari. Tukakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukafunga mikanda ya shaba ya kusuka, mipana na mifupi: bodi la mizigo kwenda chesisi, pande zote mbili, kebini kwenda chesisi, kebini kwenda bodi la mizigo, boneti kwenye bawaba zake, ekzosi sehemu tatu, mbele, katikati na nyuma. Jioni tukapima tena. Omu 20. Na SWR ikapanda mpaka 2.5.

Kijana alikasirika. Akaona nimemharibia kituo chake. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana watu wengi wakifika hapa wanafungua mikanda yote na kurudi nyuma. SWR inapanda kwa sababu hasara imepungua! Redio inataka omu 50. Arthi mbovu ilikuwa inajaziajazia omu za uongo mpaka zikakaribia 50, na mita ikafurahi. Mzigo bandia wa kujaribia redio mezani nao una SWR ya 1.0, na hakuna hata mtu mmoja anayekusikia. Kwa hiyo mita ya SWR inakwambia redio yako imeridhika, haikwambii mawimbi yameondoka. Dawa ni koili ndogo kati ya mguu wa antena na arthi, mizunguko michache ya waya mnene. Tukaifunga, SWR ikashuka, na safari hii ilishuka kwa haki. Sasa zinaruka wati saba na nusu, mara mbili ya zile za asubuhi, na hatukununua hata kifaa kimoja kikubwa.

Najua mtu atasema: mara mbili ni nini, si ningenunua tu kikuza nguvu cha wati 200? Ungekinunua, na kingekunywa ampea 40, na ungemwaga maji kwenye pakacha lile lile. Halafu kikuza nguvu hakikusaidii kusikia. Mikanda inasaidia. Ekzosi isiyofungwa arthi ni antena inayotangaza kelele za injini, na pampu ya mafuta na alteneta nazo zinatafuta pa kutokea. Kijana yule alipowasha injini jioni ile, mngurumo uliokuwa unafunika vituo dhaifu ulikuwa umeshuka kiasi kwamba alizima injini ahakikishe kama kweli ilikuwa inawaka.

Na yuko fundi umeme wa magari ambaye atakuja na mita yake, aguse bodi, aguse chesisi, mita ilie, aseme arthi ipo. Ipo kwa betri, ndiyo. Taa ya breki itawaka. Lakini mita ile inapima umeme wa mkondo mnyoofu. Waya mwembamba wa mita moja, ambao kwa betri ni kama haupo, kwenye megahezi 7 unaweka kizuizi cha omu 45 hivi. Ndiyo maana nasema mkanda uwe mpana, uwe mfupi, usivuke sentimita 20 kama inawezekana, na iwe mingi. Waya mmoja mrefu wa kijani na njano kutoka kwa fundi wa nyumba haukufai kitu hapa.

Kwa nini nakazania? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja na mvua, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika pale Somanga. Siku chache baadaye kebo za baharini zikapata hitilafu, intaneti ikayumba nchini. Mwezi mmoja, mambo yote mawili. Megahezi 7 mchana inagonga juu angani na kushuka umbali wa kilomita mia kadhaa bila mnara wowote, na kanda yetu ya kimataifa ya redio ya ridhaa imetenga kilohezi 7110 kuwa kitovu cha mawasiliano ya dharura. Pikapu inafika mahali ambapo kituo cha nyumbani hakifiki. Ikifika huko na wati nne hewani, imefika kufanya nini?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi nikimbie.

Umeme. Msichomeke redio ya wati 100 kwenye tundu la kuwashia sigara. Redio hiyo inavuta ampea 20 na zaidi ikirusha, na tundu lile mara nyingi lina fyuzi ya 10 au 15. Vuta waya kutoka kwenye betri, na fyuzi ikae jirani na betri, siyo jirani na redio. Fyuzi inalinda waya, na waya ukichubuka pale unapopita ukuta wa injini, fyuzi iliyoko chini ya kiti haijui lolote, gari linaungua. Unene: ukitumia waya wa milimita za mraba 2.5, mita tano kwenda na tano kurudi, ampea 20 zinapoteza volti moja na nusu. Betri ya 12.6 inabaki 11.1, wakati redio nyingi zinataka zisishuke chini ya 11.7. Sauti inakatika, mtu anadhani redio mbovu. Weka waya wa milimita za mraba 10, hasara haifiki nusu volti. Waya hasi, kwa magari ya siku hizi yenye kipimo cha mkondo kwenye nguzo hasi ya betri, uufunge pale waya wa betri unapoingia kwenye bodi, siyo kwenye nguzo yenyewe, la sivyo gari linakosea hesabu ya chaji.

Wenye Canter na baadhi ya Land Cruiser za zamani, pimeni kwanza. Nyingi ni volti 24. Redio ya 12 ukiiunga humo inakufa papo hapo, na ukidokoa kwenye betri moja kati ya mbili unaziua zote mbili taratibu. Kuna vibadilisha umeme vya kushusha 24 kuwa 12, vinunuliwe.

Vichwa vya redio, yaani zile sehemu za mbele zenye vitufe zinazobanduka, visikae mbele ya mifuko ya hewa. Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu kulaza fimbo kuelekea nyuma kwa mawasiliano ya karibu, tutayaacha.

Lakini mikanda nairudia. Kila sehemu uliyokwangua rangi, kaza kwa washa ya meno, halafu paka grisi juu, maana chumvi ya pwani haimsubiri mtu. Na kila baada ya masika, ingia chini ya gari na funguo namba 10 na 12, uguse bolti moja moja. Nimekuja na mikanda na msasa. Wenye pikapu hapo nje, tuanze na yeyote aliye tayari kuchafuka.