Umegawanya kwa Kitu Gani? Mazungumzo kuhusu viashiria vya nishati

BAKARI: Karibu tena msikilizaji. Mimi ni Bakari, na niko na dada Rehema, ambaye kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kuingia viwandani na kwenye majengo makubwa kukagua matumizi ya nishati. Dada, leo nina malalamiko. Kila ripoti ya nishati ninayofungua imejaa viashiria. Kwani yuniti zinazosomeka kwenye mita hazitoshi?

REHEMA: Hebu tujaribu. Nikikwambia kuna jengo limetumia yuniti 40,000 mwezi uliopita, utasemaje?

BAKARI: Nitauliza kwanza ni jengo kubwa kiasi gani.

REHEMA: Basi umeshaanza kutengeneza kiashiria. Lina mita za mraba 4,000, kwa hiyo ni yuniti 10 kwa kila mita ya mraba. Sasa unaweza kuliweka kando ya jengo lingine, au kando yake lenyewe mwaka jana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nishati ni mali. Lakini daftari lenyewe lazima ujue kulisoma. Mimi nikiletewa kiashiria chochote, jambo la kwanza naangalia namba ya chini. Umegawanya kwa kitu gani? Hapo ndipo uamuzi ulipofichwa.

BAKARI: Uamuzi upi? Si hesabu tu?

REHEMA: Ngoja nikupe kisa. Kiwanda kimoja, sitakitaja. Mwezi mmoja kilizalisha tani 1,000 kwa yuniti 150,000. Mwezi uliofuata soko likapoa, zikatoka tani 600 kwa yuniti 110,000. Piga hesabu.

BAKARI: Mwezi wa kwanza yuniti 150 kwa tani. Wa pili… 183 na ushei. Wamezembea hao.

REHEMA: Ndivyo meneja alivyosema. Akaita kikao, akawagombeza wafanyakazi mbele ya kila mtu. Nilikuwepo, na iliniuma, kwa sababu watu wale walikuwa wamefanya kazi vilevile kama mwezi uliotangulia.

BAKARI: Sasa namba imepandaje?

REHEMA: Chukua karatasi. Chini, kwenye mstari wa mlalo, weka tani. Wima weka yuniti. Tia nukta za miezi 12, kisha pitisha mstari katikati yake. Mstari ule haukuanzia sifuri, kaka. Ulianzia kwenye yuniti 50,000. Maana yake kiwanda kile kilikuwa kinakula yuniti 50,000 kila mwezi hata kisipotoa tani moja, halafu kila tani inaongeza 100 juu yake. Ukizalisha kidogo, ule mzigo wa kudumu unagawanywa kwa tani chache, na kiashiria kinapanda hata kama hakuna aliyekosea.

BAKARI: Yuniti 50,000 za kutozalisha chochote! Zilikuwa zinaenda wapi?

REHEMA: Nami nilijiuliza hivyohivyo. Nikaomba kuingia Jumapili usiku, mashine zote za uzalishaji zimezimwa. Kiwanda chenye kelele kikinyamaza unasikia mambo. Nikasikia ssss… kutoka juu ya mabomba. Hewa iliyoshindiliwa inavuja kwenye viungio. Kule nyuma kompresa, ile mashine inayoshindilia hewa, inanguruma, inajaza tangi, hewa inavujia mabombani, kompresa inawaka tena. Usiku kucha. Tukapanda ngazi, tukapaka povu la sabuni kwenye viungio, na mapovu yakawa yanafura kimoja baada ya kingine. Nilihesabu viungio 23 kabla mikono haijachoka.

BAKARI: Kwa hiyo kile kiashiria kilidanganya?

REHEMA: Hapana, kiliulizwa swali lisilo lake. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa nishati, ISO 50001, kilichotolewa mwaka 2011 na kurekebishwa 2018, hakitaki uje na namba tu. Kinataka uwe na msingi wa kulinganishia, na usawazishe vitu vinavyobadilika, kama uzalishaji au hali ya hewa. Jengo la ofisi nalo usilihukumu kwa mwezi wa joto kali bila kuangalia joto lenyewe lilikuwa kiasi gani.

BAKARI: Tutoke kiwandani twende kwenye nchi. Huko nasikia wanapima nishati kwa pato la taifa.

REHEMA: Naam, megajuli, yaani kipimo cha nishati, kwa kila dola ya pato. Kipo kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, kiashiria 7.3.1. Na mwaka 2023, kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai, nchi zilikubaliana kuongeza maradufu kasi ya kuboresha ufanisi, kutoka takribani asilimia 2 kwa mwaka hadi zaidi ya asilimia 4 ifikapo 2030. Nakiheshimu kiashiria hiki, lakini nakichunga. Nchi ikifunga viwanda vyake vya chuma na saruji, ikaanza kuagiza chuma na saruji kutoka nje, namba yake inashuka vizuri kabisa. Hakuna aliyeokoa chochote. Tanuru limehamia kwa jirani.

BAKARI: Na kinyume chake?

REHEMA: Kinyume chake itazame Iceland. Matumizi ya umeme kwa kila mtu ni ya juu kabisa duniani, kwa sababu wanayeyusha alumini kwa wingi, na alumini ni mlafi wa umeme. Ukiishia hapo utawaita waharibifu. Lakini karibu umeme wao wote unatokana na maji na jotoardhi.

BAKARI: Hapo tunaingia kwenye mazingira. Yuniti moja si sawa na yuniti nyingine.

REHEMA: Hata kidogo. Jopo la tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, mwaka 2014 lilitoa makadirio ya kati ya gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, kwa kila yuniti ya umeme, kuanzia kujenga mtambo hadi kuubomoa. Makaa ya mawe gramu 820. Gesi asilia 490. Mitambo mikubwa ya jua 48, maji 24, upepo wa nchi kavu 11. Rudi kwenye jengo letu la yuniti 40,000. Likilishwa na makaa ya mawe ni karibu tani 33 kwa mwezi. Likilishwa na upepo ni kilo 440.

BAKARI: Jengo lilelile, mita ileile!

REHEMA: Ileile. Na hiyo ni gesijoto peke yake. Mwaka 2005 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na wenzake walitoa mwongozo wenye viashiria 30: vya jamii 4, vya uchumi 16, vya mazingira 10. Ndani ya hivyo 10 kuna hewa ya mijini, majitaka, taka ngumu, hata kasi ya misitu kukatwa kwa ajili ya nishati. Anayekuletea hewa ukaa tu amekuletea ukurasa mmoja.

BAKARI: Kuna kimoja kinanisumbua, nishati kwa kila mtu. Kikiwa chini watu wanashangilia.

REHEMA: Na mimi hapo huwa napandwa na hasira. Zaidi ya watu bilioni 2 duniani bado wanapikia kuni, mkaa, samadi au mafuta ya taa. Kwenye chati ya hewa ukaa kwa kila mtu hao wanaonekana wasafi kuliko wote. Wanasifiwa kwa kukosa! Moshi wao hauonekani kwenye chati ya mtu, uko kifuani mwa mama aliyeinamia jiko. Ndani yake kuna chembe ndogo, upana wake mikromita 2.5 kushuka chini (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Kwa hiyo mtu akinionyesha matumizi ya chini, nauliza: ni ufanisi au ni uhaba? Kiashiria 7.1.2 cha Malengo yaleyale, kinachohesabu wanaotegemea nishati safi ya kupikia, lazima kikae pembeni yake.

BAKARI: Swali la mwisho. Tukiwa na uwiano mzuri, yuniti kwa tani, yuniti kwa mita ya mraba, jumla ina kazi tena?

REHEMA: Jumla usiiache kamwe. Mwaka 1865 mchumi wa Uingereza, William Stanley Jevons, aliona kwamba injini za mvuke zilivyozidi kuwa na ufanisi, makaa ya mawe yalichomwa mengi zaidi, kwa sababu mvuke ulikuwa rahisi na kila mtu akautaka. Uwiano unaweza kuboreka huku jumla inapanda, na anga linapokea jumla. Mimi ripoti zangu naziandika zote mbili mstari mmoja, asiyependa na asipende.

BAKARI: Hujatumalizia kisa. Ile hewa iliyokuwa inavuja?

REHEMA: Wakafunga viungio vipya, na wakaanza kuzima kompresa mwisho wa wiki. Baada ya miezi kadhaa tulichora upya. Mstari ulianzia yuniti 41,000, si 50,000.

BAKARI: Na meneja?

REHEMA: Aliwaita tena walewale aliowagombeza. Safari hii akashika chaki mwenyewe, akauchora ule mstari ubaoni.