Uwanja ulishabomolewa, deni tukaendelea kulipa

Ndugu zangu, mama zangu, asanteni kwa kuja na mvua hii ya Seattle. Hoja yangu ni moja, hela za kodi zetu zisiende kwenye viwanja vya timu bila kutuuliza. Wanaonijua washajua naanzia wapi, Kingdome, uwanja wa michezo wa zamani wa hapa mjini, na leo naanzia hapohapo.

Uwanja ule ulifunguliwa 1976, zege tupu. Julai 1994 vigae vya dari vikadondoka saa chache kabla ya mechi ya Mariners, timu yetu ya besiboli, mashabiki bado hawajaingia, Mungu alitusitiri. Ukarabati ukala mamilioni na mafundi 2 wakafa kwenye ajali ya kreni. Halafu Machi 2000 ukalipuliwa kwa baruti, nilikuwa nimesimama mbali kidogo, sekunde chache tu chini, vumbi likatanda mpaka jengo la jirani hulioni. Sasa nisikilizeni hapa: deni lake lilikuja kuisha 2015. Miaka 15! Marehemu kashazikwa na bili ya jeneza bado inakuja.

Mtu ataniambia mwalimu, bila uwanja mpya wa kodi zetu Mariners wangehama. Hofu hiyo siidharau, Pilots, timu ya besiboli ya kabla yao, walicheza hapa msimu mmoja tu, 1969, wakahamia mji wa Milwaukee. Lakini Septemba 1995 wananchi waliulizwa, kodi ya mauzo iongezwe kwa ajili ya uwanja? Wakakataa, tofauti ilikuwa ndogo ndiyo, ila wamekataa. Mwezi uliofuata Mariners wakawatoa Yankees wa New York kwenye mchujo, mji mzima ukapagawa, na hapohapo bunge la jimbo likapitisha mpango mwingine wa kujenga uwanja mpya, safari hii bila kuturudishia kura. Ndani yake kulikuwa na kodi ya nusu asilimia juu ya chakula cha mgahawani Kaunti ya King yote, kaunti yetu hii. Mi wakati huo naosha vyombo mgahawani, nikitoka zamu naingia kibanda cha jirani kununua supu na mkate, risiti naikunjua kwenye basi na vidole bado vimekunjamana kwa maji ya sabuni, naiangalia ile kodi. Senti chache, najua! Lakini dereva teksi wa usiku akapike wapi? Nani alimuuliza? Kodi ile ilikaa mpaka 2011.

Mtasema uwanja unaleta ajira, haya, ajira. Besiboli ni mechi 81 za nyumbani kwa msimu wa kawaida, sasa hizo siku 284 zingine muuza soseji nje ya geti anakula nini? Hapa nina mengi ila muda unanibana.

La mwisho haraka. 2018 baraza la kaunti lilitoa dola milioni 135 za kodi ya hoteli kutunza huohuo uwanja mpya wa Mariners, uliofunguliwa 1999, wakati watu wanalilia hela hizo ziende kwenye nyumba za bei nafuu. Kura 5 kwa 4, yaani mjumbe mmoja tu! Vikao vya baraza viko wazi, unajiandikisha, unapewa dakika zako unasema. Karatasi ya majina iko pale mlangoni, andika jina na siku unayopata ofu, na kama Kiingereza kinakusumbua andika pia, mkalimani tutamwomba mapema.