Kabla ya Kusema Hana Maziwa

Shikamooni wakubwa zangu. Wakunga mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja, asanteni mno. Foleni ya Mbagala asubuhi naijua.

Nianzie siku ya pili. Mzazi amechoka, mtoto analia, titi likikamuliwa linatoa matone ya dang'a tu. Mama mkwe anasema, "Huyu hana maziwa," chupa inatafutwa. Dada yangu yalimkuta hayo, akalia usiku kucha akijiona na kasoro. Hakuwa nayo.

Wakati wa ujauzito prolaktini, homoni ya maziwa, huwa imeshapanda. Lakini kondo la nyuma linamwaga homoni nyingine, projesteroni, kwa wingi, nayo inalizuia titi lisitoe maziwa. Kondo likitoka, projesteroni inashuka haraka, na kwa wengi maziwa hujaa kati ya saa 30 na 72. Kipande cha kondo kikibaki tumboni, maziwa huchelewa. Wakunga, hilo tuliangalie kila mara.

Sasa twende ndani ya seli, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Prolaktini inashika kipokezi juu ya seli. Kipokezi kinaamsha kimeng'enya JAK2, nacho kinabandika fosfeti kwenye protini iitwayo STAT5. STAT5 mbili zinashikana, zinaingia kwenye kiini cha seli, zinawasha jeni za kaseini, protini kuu ya maziwa. Peke yake prolaktini haitoshi: homoni ya kotisoli inasaidia palepale kwenye DNA, na homoni ya insulini lazima iwepo. Mwaka 1979 watafiti waliochunguza titi la panya walionyesha jambo jingine: prolaktini pia inarefusha maisha ya RNA ya kaseini, yaani ule ujumbe ambao seli inausoma ili itengeneze protini. Homoni ikiondolewa, ujumbe unaoza upesi.

Kwa hiyo amri inahitaji kurudiwa, na anayeirudia ni mtoto. Dopamini, kemikali kutoka kwenye ubongo, huibana prolaktini muda wote. Mtoto akinyonya, mbano unalegea, na usiku prolaktini hupanda zaidi. Mtori na uji wa pilipili manga mpikieni, mzazi anahitaji nguvu. Ila sufuria haiwezi kuifanya kazi ya mdomo wa mtoto.

Dada yangu tulimrudishia mwanawe kifuani, akawa anamnyonyesha kila mtoto alipoamka. Siku ya nne alfajiri aliniita nione: kanga yake yote ilikuwa imelowa.